Waya Nyekundu ya Mota ya Kushoto

Tensta, 11 Machi

Kaka Deo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Huku ughaibuni afya ipo, utulivu ndio haupo. Nimeianza barua hii mara tatu, kila mara nikainuka kwenda dirishani na kurudi.

Nilikusimulia kwenye simu habari za kozi ya umeme na za Dancille, dada wa Kirundi anayekaa Norsborg, mwenzangu wa meza moja. Mwalimu wetu, Isak, alitupa kazi ya kuunda roboti ndogo ya mashindano: mbili zinasukumana juu ya meza, inayoanguka imeshindwa. Yetu ilikuwa na mota mbili, kila moja na swichi yake. Ukiisukuma swichi, gurudumu linakwenda mbele. Ukiivuta, linarudi nyuma. Mimi nilikata mabati, Dancille akalehemu waya. Mkono wake umetulia. Wangu unaujua.

Asubuhi ya mashindano nilifika kabla yake, nikafungua kifuniko nitazame tu. Kwenye swichi ya kulia waya nyekundu ilikuwa juu, kwenye ya kushoto ilikuwa chini. Nikajiambia amekosea. Nikazibandua za kushoto, nikazigeuza, nikalehemu upya na kufunga. Sikujaribu, maana watu walikwisha kuanza kuingia.

Kumbe hakukosea. Mota zile zimepeana mgongo, kwa hiyo moja lazima igeuzwe waya ndipo magurudumu yaende pamoja. Wewe fundi wa redio ungeliona hilo mara moja. Dancille aliposukuma swichi zote mbili, roboti ilizunguka kama kuku aliyechinjwa, ikaanguka yenyewe. Isak akauliza nani aliunga waya. Dancille akasema, "Ni mimi." Nami nilikuwa nimeinama naokota gurudumu sakafuni, nikaendelea kuinama.

Wiki ile Isak alikuwa achague mmoja wetu wa kwenda kujifunza kazi kwa mafundi wa lifti. Akanichagua mimi, na Dancille hakuja tena darasani. Ndiyo kazi ile mliyoitolea shukrani jumuiyani, kaka, mama akasimama mbele ya watu kulitaja jina langu.

Juzi nilimweleza Isak yote. Akasema nafasi ni ya Dancille akiitaka, na habari nimpelekee mwenyewe. Nikapanda treni, njiani nilishuka mara mbili nikijisingizia nimekosea kituo. Dancille alinisikiliza pale mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kisha akasema, "Nilijua. Nilipoifungua roboti baadaye niliona lehemu si yangu. Nilikuwa nangoja useme." Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akajibu kwamba wangesema anamtupia mwenzake kosa lake.

Ataanza Jumatatu. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme.

Nilikaa kuandika nikitaka wewe ndiye umweleze mama. Sasa naona hapana. Jumapili baada ya misa nitampigia, nimwambie kwa kinywa changu. Nakuomba tu uwe umekaa karibu naye.

Msalimie wifi na watoto, na jirani yetu Kasiani pia mkionana.

Mdogo wako,
Brigitha