Wimbo Wangu Ulishinda, Rafiki Yangu Anazikwa Jumamosi

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo rafiki yangu Obiero anazikwa na sijui kama nina ruhusa ya kwenda.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, kwetu ni Bungoma lakini nimeishi Obunga, hapa Kisumu, miaka mingi na nauza spea za baiskeli pale Otonglo. Obiero alikuwa fundi wa boti kule ufukweni Dunga, na kilichotuunganisha ni Tom na Becky, wale wawili walioimba kwa upole miaka ya themanini, utadhani wazazi wasiotaka kumwamsha mtoto. Miaka kumi na tisa tumebishana, mimi nikisema wimbo wao mkubwa ni "Nisubiri Stendi", ule wa harusi zote, yeye akisema ni "Lala Tukirudi", kawimbo kafupi ambako hata redio husahau kuwa kapo. Tulibishana kwa simu, tukabishana nje ya kanisa, mpaka mke wangu Nelima akasema tupewe kaptura turudi darasa la kwanza.

Sasa mwezi wa pili redio moja hapa mjini ikatangaza kwamba wasikilizaji wapige kura, wimbo gani wa Tom na Becky una maana kuliko zote, na Jumapili mchana wakatuweka sisi wawili hewani pamoja, na mshauri, Obiero siku hiyo aliongea vizuri, alisema "Nisubiri Stendi" ni wimbo wa watu wanaopendana wakiwa wazima lakini "Lala Tukirudi" ni wa mtu ambaye hana lingine la kufanya ila kuimba, watu wakaanza kutuma ujumbe wa kumuunga mkono, nami nikaona nashindwa Kisumu nzima ikisikia, basi nikasema, "Presenta, huyu asiwadanganye, huo wimbo anaupenda kwa sababu ndio alimwimbia mtoto wake Sheryl siku mbili za homa badala ya kumpeleka hospitali, na mtoto akafa," jambo ambalo aliniambia mimi peke yangu, akilia, na mkewe Seline hakulijua kwa kuwa wakati huo alikuwa kwao Ugenya akimuuguza mamake, aliambiwa tu homa ilikuja ghafla, ingawa kusema kweli Obiero alinieleza pia kwamba siku ya kwanza alimbeba mtoto hadi zahanati akakuta kuna mgomo na mlango umefungwa kwa kufuli, akarudi, ila hiyo sikuisema kwa sababu muda wa hewani ulikuwa unaisha, na wimbo wangu ukashinda.

Seline alikuwa Dunga akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na redio za pale zote zilikuwa kwenye kipindi hicho. Jioni ile akahamia kwa dada yake Mamboleo, na simu za mumewe akawa hashiki. Obiero akanipigia mara moja tu. Akasema, "Omera, ndugu yangu, umenimaliza. Hata nikikufa, usikanyage boma yangu." Akakata. Wajaluo wana mila, nasi Wabukusu tunayo vilevile, neno kama hilo mtu akifa kabla hajalirudisha linabaki limefungwa, na wiki tatu baadaye Obiero alianguka kando ya boti aliyokuwa akitengeneza, wakasema ni presha.

Sasa jana Seline amenipigia. "Shemeji, wewe ndiye ulikuwa unamjua," akasema. "Kuja bomani kwake Nyakach siku ya kuzika, usimame uongee. Na uniambie tuandike wimbo gani kwa programu ya mazishi." Sikumwambia kuhusu lile neno. Nikienda nimemkanyaga marehemu, nisipoenda nimemwacha mjane, na nikisema "Lala Tukirudi" nitamchoma roho, nikisema "Nisubiri Stendi" nitaonekana bado nashindana. Nimeshindwa hata kula. Nifanye nini?

Waswa, Obunga

*

Bwana Waswa, pole kwa msiba. Hiyo ndiyo pole yangu, usisubiri ya pili.

Umeniuliza uende au usiende, na wimbo gani uandikwe. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonikaa rohoni si hayo. Ni lile kufuli la zahanati. Umelipenyeza katikati ya maneno mengi, kama mwenye kuuza samaki anayeficha waliooza chini ya wabichi, ukadhani sitalipata.

Obiero alimbeba mtoto wake akaenda. Alikuta pamefungwa. Seline hajui. Mke wa watu ameacha nyumba yake akiamini mumewe alikaa tu akiimba huku mtoto anakwisha, na mumewe amekufa kabla hawajaongea. Ulikuwa na wiki tatu nzima. Ulikuwa wapi, Bwana Waswa? Otonglo, ukiuza minyororo? Unaniambia muda wa hewani uliisha. Baada ya hewani ulikuwa na simu, na ulikuwa na miguu.

Nami nimekasirika, sitakuficha, maana nimewahi kumzika mtoto na najua mtu hujiuliza nini usiku na mchana.

Kuhusu lile neno, litii. Mwenye boma amekukataza boma yake na wewe ulimpa sababu, kwa hivyo Nyakach usiende, wala usitafute mzee wa kukufungulia njia. Lakini mila usiifanye kichaka cha kujificha. Mamboleo hujakatazwa.

Nilikupigia mara tatu kwa namba uliyoandika, hukushika. Ndiyo maana najibu hapa gazetini. Majina nimeyabadilisha yote, lakini Dunga watu wanasoma, na Seline si mjinga. Lile la kwanza alilisikia kwa redio ya jirani. Usimwache na hili alipate kwa watu.

Leo ni Alhamisi. Mwili unatoka mochari kesho asubuhi. Funga duka sasa hivi, mchukue Nelima, mwende kwa huyo dada. Usianze na samahani yako, anza na mgomo na kufuli, mwambie kila kitu jinsi Obiero alivyokueleza, hata yale yanayokuaibisha wewe. Kisha mwambie alikukataza boma, na kwa nini. Akikufukuza, toka. Akikutukana, pokea. Akikuuliza tena kuhusu wimbo, mwambie huna wimbo, achague mwenyewe au wazike kimya. Wewe ulishapiga kura yako.

Ukiogopa, ogopa ukiwa njiani. Maana Jumamosi ikipita hujafika, Seline atakuwa amemzika Obiero akiamini alimuua Sheryl, na wewe peke yako duniani utakuwa unajua hakumuua.