Gogo la Twiga

Wamunyu, 3 Juni 2023

Kwa mwanangu Muthoka,

Pokea salamu zetu. Huku tuko wazima, ila goti la mwaitu, mama yako, linamsumbua, na mvua imetunyima. Wewe je, huko Kongo wanakulisha?

Niko na kazi, kijana! Hoteli moja imeagiza twiga mrefu kama mlango. Lakini miti ya muhugu ya kuchonga tuliimaliza, hata mashina tulishang'oa. Wewe unaangusha miti mikubwa kila siku, niletee gogo moja jekundu. Moja tu! Ama msumeno wa kampuni umekusahaulisha aliyekufunza kushika tezo?

Baba yako, Nzuki

Kambini, 29 Julai

Baba,

Habari za nyumbani? Mpe mwaitu pole ya goti. Mimi mwili uko sawa, moyo ndio unasumbua.

Kampuni hupasua barabara msituni kufuata mti mmoja mnene. Nyuma yetu wanaingia wachoma makaa, halafu moto, halafu mashamba. Mahali palipokuwa giza mchana, juzi jua limenichoma kichwa. Mama mmoja wa hapa aliniuliza, "Kwenu miti iliisha?" Kijiji cha ng'ambo wamekabidhiwa na serikali msitu wao wenyewe, wanafukuza misumeno, na mto wao bado una maji. Si wangekabidhi kila kijiji?

Nimechoka, Baba, narudi. Lakini sitakuja mikono mitupu. Mti wako nimeshauona. Nikiukata huo, basi, sikati mwingine.

Mwanao, Muthoka

Wamunyu, 20 Agosti

Mwanangu,

U mzima? Mwaitu anakusalimu, anakungoja.

Uache huo mti! Umenisikia? Swali la yule mama limeninyima usingizi. Chama chetu cha wachongaji sasa kinachonga mwarubaini, mti wa kupandwa, na wateja wenyewe wanauliza mbao zimetoka wapi. Mimi nilikuwa nacheka, eti tuchonge dawa ya malaria! Nimejaribu, unakubali tezo. Nimeupanda kwenye mpaka wote wa shamba. Twiga atakuwa mfupi, shauri yao.

Barua hii nimempa Laban, dereva wa lori, akufikishie. Njoo mikono mitupu. Hiyo mikono ndiyo tunaitaka.

Baba yako

Wamunyu, 14 Oktoba

Muthoka wangu,

Leo sikuulizi hali. Barua hii nitaifukia kando yako.

Laban ndiye aliyekuleta. Anasema mti uligeuka ukianguka, ukakulalia. Barua yangu ilifika ukiwa umeshakufa. Wenzako walijua ulikuwa mti wa Baba, kwa hivyo mbao za sanduku lako wakazipasua kutoka mti huohuo. Woi, mwanangu! Mwekundu, hauna fundo hata moja. Maisha yangu yote sijaona mti kama huo. Na unajua mkono wangu ulifanya nini? Ulipapasa ubao kwanza, kabla ya uso wako. Mwaitu aliniona.

Msalaba wako nimeuchonga wa mwarubaini.

Jana hoteli wamepiga simu kuuliza twiga wao. Nimewaambia gogo halikufika.

Baba yako