Juu ya Mstari wa 212

Barasa,

Ukurasa wa vifo ulikufa Jumatatu. Najua ungecheka, halafu ungeniuliza, "Ulikufa vipi, Ripota? Umeona nini?" Kwa hivyo nakuandikia vile ulivyonifundisha. Nilifungua tovuti ya gazeti letu asubuhi, nikabonyeza Matangazo ya Vifo, nikapata ukurasa mweupe. Hakuna picha, hakuna jina la mtu, hakuna hata kichwa cha gazeti. Kurasa zingine zote zilifunguka.

Nimechoka, rafiki yangu. Niseme hilo mapema ili lisijifiche katikati ya mengine. Tangu tukuzike, kila kitu chenye waya katika ofisi hii kimekuwa changu, kwa sababu moja tu: dawati langu ndilo lililokuwa karibu na lako. Asubuhi naandika habari za kaunti, mchana nahangaika na tovuti. Madam Jerono, mwenye gazeti, bado anasema atatafuta mtu. Sweta yako ya kijivu iko kwenye kiti ulipoiacha. Hakuna aliyeamua iende wapi, na kwa baridi ya Eldoret mwezi huu mimi nimekuwa nikiivaa.

Unakumbuka siku ya kwanza niliyokuja kwako nikasema tovuti imeharibika? Ulikuwa unatafuna mahindi ya kuchoma juu ya kibodi, na hukuinua kichwa. "Imeharibika si habari. Wewe ungeandika gazetini kwamba watu fulani wameumia mahali fulani? Umebonyeza nini, ulitarajia nini, umepata nini?" Niliudhika siku nzima. Tangu hapo sijawahi kumletea mtu yeyote neno "imeharibika".

Basi nilipiga simu kwa kampuni inayotukodisha seva. Jamaa wa huko akaniambia, "Madam, seva iko sawa kabisa. Ni skripti yenu iko na shida." Nikamuuliza kama kuna kitu wamebadilisha. Hakuna. Nikamuuliza tena kwa njia nyingine, kama ninavyowauliza waheshimiwa. "Aah, ni PHP tu tumepandisha toleo wikendi. Lakini hiyo ni kitu ya kawaida." PHP, ile lugha uliyoandikia kila skripti ya tovuti yetu. Nikamshukuru.

Ulikuwa ukisema ukurasa mweupe haujanyamaza, umezibwa mdomo. Uzibue kwanza, ndipo uusikilize. Nikaandika ule mstari ulionionyesha, unaoruhusu makosa yaonekane, nikafungua upya. Likatoka kosa zito kwa Kiingereza, na mwisho wake mahali lilipotokea: /home/barasa/vifo/onyesha.php, mstari wa 212.

Nilikuwa nimesahau kwamba akaunti ya seva uliifungua kwa jina lako. Nilivua miwani nikaifuta. Nilipoivaa tena jina lilikuwa palepale, kwa herufi ndogo, kama mtu aliyetoka tu nje kununua chai.

Nikafungua faili lenyewe, nikateremka hadi 212. Juu ya mstari huo uliacha maneno haya: "Usiguse hapa. Ukikwama niulize. B."

Sitakuficha, nilikutukana. Kwa sauti. Madam Jerono akatoka ofisini kwake akifikiri nina mtu kwenye simu. Nikamweleza, naye akanipa jibu la mwenye biashara: "Akinyi, hadi Alhamisi jioni. Usipofunguka tunaufunga huo ukurasa, watu watangaze kwa mitandao kama wengine."

Unajua ukurasa huo ni wa nani. Ni wa watu wetu, wale waliotoka Bungoma, Kakamega, Siaya, wakaja huku kufanya kazi, kisha watoto wao wakatawanyika mbali zaidi. Mtu akiwa ughaibuni anaufungua ili ajue mazishi ni lini na ni kwa boma gani. Tangazo lako pia lilipita hapo. Lilipita kwenye mstari wa 212, likatoa umri wako sawasawa, na mimi sikujua wakati huo kwamba nilikuwa natazama kazi yako ikikutangaza.

Ujumbe wa kosa, ulisema, hueleza nini kimetokea na wapi. Kwa nini, hausemi. Hiyo ni kazi ya miguu. Nikaanza kazi ya miguu. Kwanza nikatoa nakala ya faili, maana ulikuwa ukisema nakala kwanza, ushujaa baadaye. Halafu nikaondoa nusu ya matangazo ya wiki. Ukurasa ukabaki mweupe. Nikaondoa nusu ya yaliyobaki, ukafunguka. Nikawa narudisha mojamoja hadi likabaki tangazo ambalo nikiliweka kila kitu kinazimika. Mtu mmoja alikuwa amewazuia marehemu wote wa wiki.

Alikuwa Mzee Simiyu wa Turbo. Mkewe, Mama Nekesa, alikuja ofisini mwenyewe, picha ya mzee ikiwa ndani ya Biblia ili isikunjike. Mazishi ni Jumamosi hii. Wana wao wawili wako Uarabuni na hawataweza kuja, lakini walimwomba aweke tangazo hapo kwetu ili walione. Mahali pa mwaka wa kuzaliwa Mama Nekesa aliandika: wakati wa nzige.

Madam Jerono alichungulia juu ya bega langu. "Si uweke tu 1940 tuendelee?"

Ingekuwa kazi ya dakika moja, na nilikuwa nimechoka vya kutosha kuifanya. Badala yake nikampigia Mama Nekesa, nikamuuliza kama kuna kitambulisho, cheti cha ubatizo, chochote. Akasema kitambulisho kina mwaka ambao chifu alikisia, na mzee aliukataa maisha yake yote. "Binti yangu, yeye mwenyewe alisema nzige, na mama yake alisema nzige. Sasa nyinyi mnataka kumpa siku ya kuzaliwa leo, akiwa mochari?" Akacheka kidogo, kisha akasema, "Andika nzige. Watoto wakiona mwaka watajua si baba yao."

Kwa hivyo nikarudi 212, na safari hii niliusoma. Nilichukua mchana mzima kuuelewa, mvua ikipiga mabati na umeme ukienda na kurudi. Mstari huo ulikuwa unachukua mwaka huu na kutoa mwaka wa kuzaliwa, ubaki umri. Familia ikiandika maneno badala ya mwaka, PHP ya zamani ilinung'unika tu kimyakimya, ikayahesabu maneno kuwa sifuri, na marehemu akatoka na umri wa miaka elfu mbili na ushei. Na wewe ulijua! Mstari unaofuata unasema umri ukizidi mia na hamsini, usiandike umri, andika maneno ya familia kama yalivyo. Hivyo ndivyo wazee wote wa nzige na wa njaa na wa vita walivyopita kwako miaka yote hiyo bila mtu kuulizwa. Toleo jipya limekataa mchezo huo. Haliwezi kutoa nzige kwenye mwaka, linasimama hapohapo.

Ni werevu, Barasa, na pia ni uvivu. Ulijenga juu ya udhaifu wa chombo ukijua ni udhaifu, ukaandika "niulize" kana kwamba utakuwepo daima. Ningekuwa na wewe hapa ningekwambia hivyo usoni, nawe ungesema, "Lakini ilifanya kazi, ama haikufanya?" Ilifanya.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Kabla ya kutoa, skripti sasa inauliza kama kilichoandikwa ni namba. Kama si namba, inaandika maneno ya familia na kuendelea na anayefuata. Nilikosea mabano mara kadhaa, na kila nilipokosea jina lako lilitokea tena kwenye skrini na namba ya mstari. Nitasema tu kwamba sikuharakisha.

Alhamisi asubuhi ukurasa ulifunguka. Mzee Simiyu, alizaliwa wakati wa nzige, atazikwa Jumamosi nyumbani kwake Turbo. Nikajaribu kuuvunja kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaweka mwaka mtupu, nikaweka maneno, nikaweka mwaka ambao haujafika. Haukuvunjika. Nikaujaribu mara moja zaidi kuliko ilivyohitajika. Jina halikutokea.

Kisha nikazima ule mstari unaoonyesha makosa kwa kila mtu. Kuanzia sasa yanaandikwa kwenye faili la seva, na faili hilo nalisoma mimi peke yangu.

Madam Jerono aliutazama ukurasa, akasema "Haya basi," akarudi kwenye simu zake. Saa sita Mama Nekesa akapiga. Vijana wameliona. Mkubwa amelia, mdogo ameuliza nani aliandika nzige. Alimwambia ni watu wa gazeti.

Yale maneno yako juu ya 212 sikuyafuta. Mtu atakayeajiriwa akifika hapo atayakuta, na sitaki akutafute bure kama mimi. Kwa hivyo nimeongeza mstari chini yake: "Barasa hayupo tena. Niulize mimi. Akinyi."

Nitakuwepo kuulizwa, muda wote nitakaokuwa hapa. Na hakuna mzee nitakayemzulia mwaka ili mashine ipate kupumzika.

Lala, rafiki yangu. Sweta nitampelekea mkeo Nafula baridi ikipungua.

Akinyi