Mjukuu Wangu Hasemi, Nami Nimekataa Apimwe

Mshauri, salamu baadaye, kwanza nisikilize. Mimi si mtu wa kupeleka mambo ya nyumba yangu gazetini, shule niliiacha darasa la nne na kwa cherehani hii hii nimesomesha watoto wangu wote, kwa hiyo usinijibu kama unaongea na mjinga. Naomba msaada kwa sababu Alhamisi mkwe wangu, mke wa mwanangu, anakuja kumchukua mjukuu wangu kumpeleka hospitali, ati kwa wataalamu wa watoto wanaochelewa kusema, na mimi nimeshamwambia mtoto hatoki humu.

Mtoto ana miaka miwili na nusu, mama yake akienda kazini nashinda naye mimi, anakula, ananenepa, ana mbio kuliko panya, ila neno lake ni moja tu, "ta", maji ni ta, mkate ni ta, mimi bibi yake ni ta, na akitaka kitu ananishika mkono ananiburuta mpaka kilipo kama mimi mkokoteni. Mpe mdoli, hapo hapo anautupa, lakini gurudumu la cherehani atalikodolea macho mpaka nimalize gauni zima. Ukimwita haitiki, mkasi ukianguka anageuka, sasa kiziwi gani huyo? Nilimwambia hivyo mama yake, akasema, "Mama, sijasema ni kiziwi. Nataka tu tujue." Nikamjibu, ujue nini, baba yake naye alichelewa. Akaniuliza alichelewa mpaka lini, nikamwambia asinihoji kama polisi. Mwanangu tukimpigia simu huko anakofanya kazi anasema "muelewane tu", kisha mtandao unakatika, na kila siku unakatikia hapo hapo.

Juzi mteja alikuja na binti yake wa umri huo huo, kale katoto kakaniambia, "Bibi, nguo ya mama iko wapi?" Mama mtu akamtazama wangu akasema, "Huyu bado tu?" Nikamwambia gauni halijaisha, rudi wiki ijayo, na lilikuwa limening'inia nyuma yangu limeshapigwa pasi. Jana ndiyo balaa, mtoto kachomoka mlangoni mpaka barabarani, nikaita, nikaita mpaka sauti ikakauka, hakugeuza hata shingo, pikipiki ikafunga breki ikalala ubavu, na yule kijana aliyeiendesha badala ya kuomba radhi ananiuliza mimi kama mtoto hasikii. Mama yake sijamwambia, atapata la kusema.

Nilikuwa na kaka, mshauri. Watu walimwita Bubu, na siku tunamzika wengine hawakujua kama alikuwa na jina. Hawa wataalamu wakimbandika mtoto jina baya, nani atalibandua? Mwambie huyu mkwe aache.

Bibi Cherehani

* * *

Bibi Cherehani, shikamoo. Pole kwa kaka yako, na pole kwa hiyo jana. Sasa nisikilize na wewe.

Simwambii mkwe wako aache. Umeniandikia barua ya kumkataza, na ndani yake umeandika kila kitu atakachoulizwa huko: neno moja, kuburuta mkono, kutoitika, kutotulia. Umeyaona yote. Ungekuwa hujayaona, yule mama angeondoka na gauni lake.

Mtoto ana nini mimi sijui, na wewe hujui. Huenda ni masikio, maana mtu anaweza kusikia mlio wa aina moja akakosa wa aina nyingine. Huenda anachelewa tu, atafika. Huenda anahitaji kufundishwa kwa njia yake. Lolote liwe, msaada hufaa zaidi akiwa mdogo. Baba yake alichelewa, sawa, kawaambie na hilo. Lakini aliyekuwa barabarani jana si baba yake.

Na kaka yako, nani alimpa lile jina? Si mtaalamu. Ni mtaa, na mtaa haumsubiri mtu apimwe. Ukimfungia huyu ndani watamtafutia lake, huyo mteja wako ameshaanza.

Leo hii piga komeo juu ya mlango, mahali mkono wake haufiki. Leo hii pia mwambie mama yake habari ya pikipiki, yote, kabla jirani hajamfikishia. Atafoka. Mwache afoke. Alhamisi funga cherehani mwende wote wawili, muombe apimwe na masikio. Wakikuuliza, sema unachokiona, si unachokitamani. Wakimuuliza mtoto, wewe kaa kimya, hata kama ulimi unakuwasha. Wakiwapa mazoezi ya nyumbani, mzigo mkubwa ni wako, kwa hiyo uyasikie kwa masikio yako mwenyewe, usije ukaletewa habari nusu.

Ukikataa, mama yake atampeleka hata hivyo, maana mtoto ni wake. Ataulizwa mtoto hufanya nini mchana kutwa, na hatakuwa na jibu, kwa sababu jibu utakuwa umekaa nalo nyumbani.