Nilinyoa Kichwa, Wakapitia Mguuni

Kabeza, Kigali

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla dada Zuhura hajakusomea zaidi, jua kwamba mimi ni mzima, nakula, na leo nimeshona suruali mbili. Magoti yanaendeleaje? Na presha? Sasa kaa chini, maana nilikudanganya. Ile wiki niliyosema simu imeharibika, nilikuwa nimelazwa hospitali.

Nilianguka na pikipiki ya abiria pale Remera. Nilichubuka tu, lakini kwa kuwa niligonga kichwa wakanipiga picha. Jeraha halikuwepo, ila ndani, kwenye mshipa mmoja wa damu, wakaona kivimbe kidogo kama punje ya choroko. Daktari akasema vidogo namna hiyo mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu. Kisha akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kufa ghafla kwa kichwa. Nikamweleza habari za baba. Akaweka kalamu chini, akasema changu tusikiache, kisije kikapasuka.

Niliogopa, mama. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa kubaki hai nisimjue mtu. Siku moja kabla ya upasuaji nikaenda kwa kinyozi nikanyoa upara, nikajiona mjanja, nimewapunguzia madaktari kazi. Nesi aliponiona alicheka mpaka akashika mlango.

"Nani amekuambia kunyoa kichwa? Sisi iko tunapita huku kwa mguu!"

Mama Keza, tunayeshona naye kibanda kimoja, ndiye aliyenisindikiza. Naye akadakia, "Idrisa, kumbe kichwa iko mgonjwa kweli!"

Na kweli walipitia juu ya paja. Mrija mwembamba ulipandishwa ndani ya mshipa hadi kichwani, mimi nimelala sina habari. Humo wakasukuma nyuzi za madini, laini mno, zikajikunja ndani ya kivimbe mpaka kikajaa, damu isiingie tena. Ngozi yake ni nyembamba, waya mgumu ungeitoboa. Nilipoamka Mama Keza akaniuliza, "Mimi iko nani?" Nikamjibu, wewe ndiye uliyeazima mkasi wangu hujarudisha. Akalia kwa furaha, nami nikalia.

Nitapigwa picha nyingine baada ya miezi sita. Daktari anataka na ndugu zangu wapimwe, kwa hiyo Zuhura asilete ubishi.

Lililonifanya niandike ni hili, maana kwenye simu ungenikatiza. Nilimweleza daktari jinsi baba alivyoshika kisogo alasiri ile, nawe ukamchemshia tangawizi kwanza ndipo ukatafuta gari. Nikauliza, mama angewahi, baba angepona? Akasema hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa. Lakini kama kilikuwa kivimbe kama hiki, na baba alianguka hata kikombe hajamaliza, hakuna gari ambalo lingewahi. Miaka yote hii unajihukumu, na bibi mzaa baba hajakusemesha tangu mazishi. Hukumuua baba, mama. Nasema tena, hukumuua.

Nisalimie shemeji, mume wa Zuhura, na watoto wao. Msalimie mjomba Ramadhani, mwadhini wetu, mwambie dua zake nimeziona. Bibi sikumsahau. Zuhura amsomee barua hii yote, tangu mwanzo, nawe mama uwe umekaa hapohapo kando yake.

Mwanao akupendaye,
Idrisa