Kitanda cha Nne, Chumba 412

Jumatatu, 4 Agosti, mchana

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko na za tanuri lako? Mkono uliouunguza unaendeleaje? Sisi hatujambo. Mama angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Tumeshapanda meli. Hii ni safari ya kwanza ya mapumziko tangu Baba afariki, kwa hiyo nimeamua shajara yangu ipate kila kitu kwa mpangilio, na wewe nakupa nakala. Sikubembelezi. Ulisema nisikubembeleze, nami nimesikia. Natoa taarifa tu.

Chumba chetu ni namba 412. Kina pazia zuri la bluu, lakini ukilivuta unakutana na ukuta. Mama amelivuta mara mbili, hakuamini.

Vitanda ni vinne. Bwana Saa alilipia nafasi yako kabla hujakataa. (Jina hilo ulimpa kwa kejeli alipomwoa Mama, lakini siku hizi hata wateja wanaomletea saa mbovu wanamwita hivyo, na yeye anaitika.) Kitanda chako ni cha juu, upande wa kulia. Mama amekitandika. Nimemwuliza kwa nini, akasema kitanda kisichotandikwa kinafanya chumba kionekane kichafu.

Mkate wa humu ni laini kama sponji ya kuogea. Wewe ungelia.

Meli itafika mjini kwako Alhamisi asubuhi, na abiria wanaruhusiwa kupanda hapo. Hiyo nayo ni taarifa tu.

Mdogo wako


Jumatatu, 4 Agosti, mchana

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mkono umepona, na tanuri halijambo kuliko mimi. Nimefurahi mmefika salama. Kula vizuri, na usiegemee vile vyuma vya pembeni.

Hizo taarifa zako nazijua. Tangu utotoni ukitaka kitu hukiombi, unakizunguka tu kama paka na sufuria ya samaki, mpaka mtu achoke akupe. Safari hii sichoki. Sina ugomvi na Mama. Lakini siwezi kukaa siku zote hizo nikimwangalia yule bwana amekaa kichwani mwa meza, wahudumu wakimwuliza, "Na hawa ni binti zako?" naye akiitikia kwa kichwa. Baba alikuwa na binti wawili. Hawajagawiwa mtu.

Mwambie Mama aweke mabegi kwenye hicho kitanda.

Dada yako


Jumatatu, 4 Agosti, jioni

Dada,

Shikamoo tena. Natumaini bado u mzima, maana sisi leo nusura tufe kwa aibu, na chanzo ni wewe.

Kabla meli haijaondoka, abiria wote lazima wafanye zoezi la dharura. Kengele inalia, mnavaa majaketi ya kuokolea, mnapanga mistari nje kwenye deki, na afisa anaita chumba kimoja kimoja. Mpaka kila mtu aonekane, meli haiondoki. Jua lilikuwa kali. Mama na lile jaketi la rangi ya chungwa alifanana na mto wa kochi uliofungwa kilemba.

Afisa wetu ni mwanamke mwenye filimbi na sauti ya mwalimu wa zamu. Akaita, "Chumba 412! Watu wanne?"

Unakumbuka Baba alivyokuwa akifunga mlango jioni, anauliza kwa sauti kama wote tumeingia, na Mama anajibu kutoka jikoni bila hata kugeuka? Basi alijibu vile vile, kwa sauti ile ile.

"Tupo wote!"

Afisa akatutazama. "Mimi naona watatu. Wa nne yuko wapi?"

Mama akasema, "Yuko kazini."

"Kazini wapi?"

"Kwenye mikate."

Dada, walikutafuta jikoni. Afisa aliongea kwenye redio, na huko chini waokaji wote wa meli wakapangwa mstari, unga mikononi, wakaulizwa nani kati yao ni binti wa chumba 412. Meli nzima ikatusubiri. Mzee mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Huyo binti akipatikana aje na mkate basi, tunakufa njaa hapa!" Watu wakaangua kicheko. Mama akaanza kulia, na lile jaketi lilivyo nene, mikono haikufika hata machoni.

Hapo Bwana Saa akatoka kwenye mstari. Unajua anavyoongea, kama anaogopa kumwamsha mtoto. Leo alipaza sauti.

"Afisa, samahani. Huyo binti hakupanda. Mke wangu hajadanganya, amezoea tu kujibu hivyo. Nafasi niliilipia mimi bila kumwuliza mwenyewe, na alipokataa sikuifuta. Kosa ni langu."

"Ni binti yako?" afisa akauliza.

"Hapana. Ni binti wa marehemu." Akamtaja Baba, majina yote matatu, polepole, mbele ya deki nzima, kama mtu anayemtambulisha mgeni wa heshima. Kisha akasema, "Mimi ni mume wa mama yake."

Afisa hakupuliza tena filimbi. Alimshika Mama bega, akaita chumba kinachofuata.

Tulipokuwa tunarudi ndani nilimwuliza kwa nini hakusema tu "ndiyo", mambo yaishe haraka. Akavua miwani, akaifuta kwenye shati. "Yule ana baba yake," akasema. "Kufa hakumfanyi mtu aache kuwa baba. Mimi nikijiita hivyo nitakuwa nimempora." Halafu akaniuliza kama nimeona kofia yake. Alikuwa ameivaa.

Sijaongeza neno hata moja. Meli imeshaondoka, na mabegi tumeyaacha sakafuni.

Mdogo wako


Jumanne, 5 Agosti

Dada,

Shikamoo. Umeamkaje? Sisi tumeamka salama, isipokuwa Bwana Saa ambaye bahari imemkataa. Ameshinda amelala, ameshika ndoo. Mama anamcheka huku anampepea. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Hujajibu. Labda ni mtandao wa meli. Nimeuliza mapokezi, wanasema mtandao hauna tatizo.

Mdogo wako


Jumatano, 6 Agosti, asubuhi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, au tuseme niko hivyo hivyo. Mtandao kweli hauna tatizo. Jana nimeunguza mikate yote ya asubuhi, bosi akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nakuuliza swali moja, nijibu bila kuzunguka sufuria. Alilitaja na lile jina la tatu? Lile la babu, ambalo hata Mama hulisahau? Alilijulia wapi?

Dada yako


Jumatano, 6 Agosti, mchana

Dada,

Shikamoo. Alilitaja, tena bila kukosea. Nimemwuliza Mama. Anasema wiki moja kabla ya harusi alimwomba amfundishe majina yote ya Baba, akawa anayarudia huku anatengeneza saa. Mama akadhani ni wivu, akamwuliza ya nini. Akasema, "Watu wakiniuliza hawa mabinti ni wa nani, nisijikwae."

Nilikuwa sijui. Sasa nakubembeleza. Njoo, Dada. Tutateremka kukusubiri nje, penye ngazi ya meli.

Mdogo wako


Alhamisi, 7 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mmeamka salama, na mgonjwa wa ndoo amepata nafuu.

Usigeuke. Niko bandarini, nyuma ya kibanda cha tiketi, begi liko miguuni. Bosi ameniruhusu haraka mno, nadhani anaihurumia mikate yake. Nilidhani nikiwaona nitakimbia kuja. Badala yake nimejificha hapa naandika.

Wewe umerefuka, na hukunipa taarifa. Mama anamchungulia kila anayeshuka kwenye teksi, ananywea, halafu anaanza upya. Yule bwana nilimtafuta nisimwone. Nikasema moyoni, kumbe hata kuja hakuja. Kisha nikamwona kule mbali, amejibanza nyuma ya nguzo ya taa, amewageuzia mgongo. Nimeelewa. Anataka nikimkuta Mama, nimkute bila yeye.

Ile nguzo ni nyembamba, mdogo wangu. Tumbo linaonekana pande zote mbili. Nimecheka peke yangu hapa mpaka mkata tiketi ameniuliza kama kuna tatizo.

Tangu siku ya harusi sijamwamkia yule mzee hata mara moja. Nilikuwa nikija nyumbani namsalimia Mama, na yeye nampita kama kabati. Hakuwahi kulalamika. Mama usimpe habari, atapiga kelele na kuharibu kila kitu. Mshike tu mkono.

Napitia kwenye nguzo kwanza.

Dada yako