Meno Arobaini na Matatu

S.L.P. 118,
Kitengela.
14 Septemba 2003.

Mpendwa dada Akoth,

Habari za Dubai na joto la huko? Mgongo umepoa? Sisi tunaamka salama, isipokuwa mke wangu Caren. Mkono wake bado uko kwenye plasta.

Dada, kwanza nakuomba msamaha. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba cheni na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, ulizonitumia za pikipiki yangu ya mbio ni duni, kwamba ulinunua vya bei rahisi ili umalizane na mimi. Hujanijibu tangu hapo, na sikulaumu.

Unamkumbuka Kiragu, fundi aliyenisimamia siku ya arusi. Pikipiki zetu ni za aina moja, tulizinunua pamoja. Ndiye niliyempa mzigo wako aufunge. Miezi miwili tu, cheni ikaanza kuruka. Kiragu akatikisa kichwa, akasema vitu vya Dubai ni kung'aa tu. Nikamwamini yeye, nikakushuku wewe.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka Caren Kajiado. Tulipopita Isinya cheni ikakatika, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, tukaanguka. Mimi nilichubuka. Yeye alivunjika mkono.

Pikipiki ilipoletwa nyumbani nilikumbuka barua yako. Ulisema umechagua sproketi ya nyuma yenye meno arobaini na matano, mawili zaidi ya ile yangu, ili ivute vizuri nikibeba mtu. Nikatia alama ya chaki, nikahesabu. Arobaini na matatu. Nikarudia. Ilikuwa ile yangu ya zamani, imesuguliwa kwa msasa. Cheni pekee ndiyo ilikuwa yako, na yale meno yaliyochakaa yalikuwa yameila.

Nilienda kwa karakana ya Kiragu. Pikipiki yake ilikuwa hapo nje. Nilichuchumaa nikahesabu akiniangalia: arobaini na matano. Hakukana. Aliniambia, "Wewe ni mtu wa ofisi, huendi mbio. Nilijua hutagundua."

Nilipomtajia mkono wa Caren aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta spana anifungulie ile sproketi. Nikamwambia aache. Miaka kumi na moja, dada, tumekula sahani moja.

Leo kanisani alikuja kuketi kwa benchi letu kama kawaida. Caren alinishika kwa mkono wake mzima, tukahamia nyuma.

Nisalimie shemeji Wanyama na mtoto Beverlyne. Mungu awatunze huko, na aulainishe moyo wako uniandikie hata mistari miwili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekukosea,
Ondiek.